Namna ya Kupata Fedha za Kupanua Maktaba ya Umma katika Mji Mdogo

Maktaba ya mji mdogo inapojaa, dalili zake humfikia kila mtu: rafu zimebanana, wanafunzi na wazee wanasubiriana meza, na chumba kimoja kinatumika asubuhi kwa watoto, mchana kwa kompyuta na jioni kwa vikao. Kamati huundwa, mbunifu majengo huombwa mchoro wa kuvutia, na kabla rangi ya mchoro haijakauka watu wameshaanza kuomba michango. Mpangilio huo una kasoro kubwa. Unatanguliza fedha za kujenga, ambazo ndizo rahisi zaidi kupatikana, na kuacha hadi mwisho fedha za kuendesha kile kitakachojengwa, ambazo hakuna mhisani anayezipenda. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kinyume: kwanza gharama za kila mwaka baada ya ufunguzi, kisha bei kamili ya mradi, kisha ahadi ya mamlaka ya umma, na mwisho michango ya watu na taasisi.

Hesabuni kwanza gharama za baada ya ufunguzi

Mtu aliyelipia maktaba nyingi kuliko wote katika historia alilielewa jambo hili, ingawa hata yeye hakulimaliza. Andrew Carnegie, aliyetajirika kwa biashara ya chuma, aligharimia majengo ya maktaba 2,509 kati ya mwaka 1883 na 1929, mengi yake katika miji midogo ya Marekani na Uingereza. Kanuni yake nchini Marekani ilikuwa rahisi: mji utoe kiwanja, na baraza lake lipitishe azimio la kutenga kila mwaka kiasi kisichopungua asilimia 10 ya msaada wa ujenzi kwa ajili ya kuendesha maktaba. Mji uliokataa sharti hilo haukupata jengo. Hata hivyo, katikati ya muongo wa 1910, mwanauchumi Alvin Johnson alipotumwa na Carnegie Corporation, shirika la misaada lililoanzishwa na Carnegie, kuzikagua maktaba hizo, alikuta kwamba katika miji kadhaa jengo lilikuwepo lakini huduma ilikuwa dhaifu, kwa kukosa watumishi wenye mafunzo na fedha za kutosha za mwaka hadi mwaka. Mwaka 1917 shirika hilo liliacha kutoa misaada mipya ya majengo ya maktaba. Ikiwa sharti la maandishi kutoka kwa tajiri mwenye nguvu kama hizo halikutosha, ahadi ya mdomo ya diwani mmoja haitatosha pia.

Chukueni basi hesabu za maktaba za miaka 3 iliyopita na mgawanye matumizi katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni gharama zinazokua kwa ukubwa wa eneo: umeme, maji, usafi, bima, ulinzi na matengenezo. Hizi hukadiriwa kwa kila mita ya mraba, na mbunifu mwangalifu anaweza kuzipunguza kwa madirisha yanayoleta mwanga bila joto, kuta zinazohifadhi hewa vizuri na taa zinazotumia umeme kidogo. Fungu la pili ni gharama zinazokua kwa saa na aina za huduma, na hapo mishahara ndiyo mzigo mkubwa. Mita za mraba mara mbili hazilazimishi watumishi mara mbili, lakini mpangilio mbaya wa vyumba unaweza kulazimisha hivyo.

Nukta hii inastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu uamuzi unaoonekana kuwa wa ubunifu tu ni uamuzi wa fedha. Ikiwa sehemu mpya ya watoto imewekwa nyuma ya ukuta au ghorofa ya juu, ambako mtumishi wa dawati kuu haoni kinachoendelea, maktaba italazimika kuwa na dawati la pili kila saa inapokuwa wazi. Mshahara wa dawati hilo, ukijumlishwa kwa miaka 30, unaweza kuzidi bei ya ukuta wenyewe mara nyingi. Kijitabu cha ushauri wa ujenzi ambacho James Bertram, katibu wa Carnegie, alianza kukitoa mwaka 1911 kilihimiza michoro iliyomwezesha mkutubi mmoja kusimamia jengo zima kutoka sehemu moja. Ushauri huo haujazeeka. Mwekeeni mbunifu sharti hilo kwa maandishi kabla hajashika kalamu, na mkiona amelikiuka kwa ajili ya uzuri, mwulizeni nani atalipa mshahara.

Matokeo ya hesabu hii yawe karatasi moja tu yenye bajeti ya uendeshaji ya sasa, bajeti inayotarajiwa katika mwaka wa kwanza wa jengo jipya, na tofauti iliyo kati yake. Tofauti hiyo ndiyo namba muhimu kuliko zote katika mradi. Ipelekeni kwenye halmashauri ya mji kabla ya jambo jingine lolote, na mwombe azimio linaloiingiza katika makadirio ya miaka ijayo. Halmashauri ikisema haiwezi kuibeba yote, punguzeni ukubwa wa jengo hadi ifikie inachoweza. Najua kamati nyingi hulikwepa zungumzo hilo kwa kuogopa kwamba litaua mradi. Ni afadhali lifanyike wakati ambapo mradi bado ni karatasi.

Wapo wanaopendekeza kuziba tofauti hiyo kwa mfuko wa wakfu, yaani mtaji usioguswa unaotoa mapato kila mwaka. Wazo ni zuri, ila hesabu yake ni kali. Mfuko unaotaka kudumu huweza kutumia takriban asilimia 4 hadi 5 ya thamani yake kwa mwaka, kwa hiyo kila shilingi moja ya matumizi ya mwaka inadai mtaji wa shilingi 20 hadi 25. Kwa mji mdogo, wakfu unaweza kununua vitabu vya ziada au kulipia programu ya watoto. Kuutegemea kwa mishahara ni kujidanganya.

Bei kamili ya mradi

Makadirio yanayotangazwa mapema kwa kawaida ni bei ya mkandarasi peke yake. Bei ya mradi ni kubwa kuliko hiyo, na gharama zisizomhusu mkandarasi zinaweza kufika robo ya bajeti yote au kuzidi. Humo mna ada za mbunifu, mhandisi na mkadiriaji majenzi, upimaji wa ardhi na udongo, vibali, rafu na samani, kompyuta na nyaya za mtandao, mifumo ya kuzimia moto, uhamishaji wa vitabu, kodi ya jengo la muda wakati ujenzi ukiendelea, gharama za kampeni ya kuchangisha, na riba ya mkopo wa muda kama utahitajika. Samani husahaulika mara nyingi zaidi kuliko vingine, na matokeo yake ni ukumbi mpya wenye viti vya zamani.

Mwajirini mkadiriaji majenzi mapema, akiwa huru na mkandarasi yeyote, mumlipe kwa kazi ya makadirio tu. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na aibu ya kumrudia mhisani na kumwambia kwamba bei imepanda.

Mambo matatu huyumbisha makadirio ya maktaba hasa. La kwanza ni uzito wa vitabu. Viwango vya ujenzi vya Marekani, kwa mfano, hutaka sakafu ya eneo la rafu ihimili takriban kilopaskali 7.2, yaani zaidi ya kilo 700 kwa kila mita ya mraba, ilhali eneo la kusomea hutakiwa kuhimili takriban kilopaskali 2.9. Kwa hiyo pendekezo la kununua nyumba ya ofisi iliyo jirani na kuijaza rafu, au kuongeza ghorofa juu ya jengo la zamani, lisichukuliwe kuwa la bei nafuu mpaka mhandisi amepima sakafu na msingi. Mara nyingi suluhisho ni kuziacha rafu chini na kupeleka meza juu.

La pili ni siri za jengo la zamani: asbesto kwenye dari, nyaya zilizochoka, mabomba yasiyo kwenye ramani yoyote. Kwa jengo jipya kwenye kiwanja kitupu, watu huweka akiba ya dharura ya takriban asilimia 10. Kwa ukarabati wa jengo lililopo, asilimia 15 ni ya chini, na hata zaidi ikiwa kuta hazijafunguliwa na kukaguliwa. La tatu ni muda. Kampeni ya kuchangisha huchukua miaka, na bei za vifaa hazisubiri. Bei zikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, mradi uliokadiriwa kuwa 100 leo utakuwa karibu 116 baada ya miaka 3. Andikeni makadirio kwa bei ya mwaka ambao ujenzi unatarajiwa kuwa katikati, na mseme wazi kwamba mmefanya hivyo.

Kabla ya kutumia hata senti moja katika michoro, thibitisheni umiliki wa kiwanja. Maktaba nyingi zimesimama kwenye ardhi iliyotolewa na mtu au taasisi zamani kwa masharti ambayo hakuna anayeyakumbuka: pengine ardhi itumike kwa maktaba pekee, pengine jengo lisizidi ghorofa moja, pengine hati haikuwahi kuhamishwa jina. Benki haitakopesha na mfadhili mkubwa hatatoa juu ya ardhi yenye utata.

Sehemu ya umma

Maktaba ya umma ni jukumu la mamlaka za umma. Ilani ya Maktaba za Umma ya IFLA (shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba) na UNESCO, iliyotolewa kwanza mwaka 1949 na kuhuishwa mara ya mwisho mwaka 2022, inasema hivyo bila kuzunguka: huduma zake kimsingi ziwe bure, na zigharimiwe na serikali kuu na za mitaa chini ya sheria mahususi. Ilani hiyo haina nguvu ya mahakama, lakini ni silaha nzuri mezani pa halmashauri, hasa pale mjumbe anapopendekeza kiingilio ili jengo jipya lijilipe. Kiingilio hukusanya kidogo, hufukuza watu wanaoihitaji maktaba zaidi, na huondoa sababu ileile inayowafanya wengine wachangie.

Vyanzo vya umma vinatofautiana kwa nchi, ila sura zake zinafanana. Kuna fedha za maendeleo katika bajeti ya halmashauri, ruzuku za serikali kuu au za mkoa kwa majengo ya jamii, tozo ambazo waendelezaji wakubwa wa ardhi hulipa ili kugharimia huduma za wakazi wapya, na mikopo au hatifungani (hati za deni ambazo mji huwauzia wawekezaji) zinazolipwa kwa kodi ya majengo kwa miaka 15 hadi 30. Kwa jengo litakalotumika kwa vizazi, mkopo wa muda mrefu una haki yake: wanaolitumia kesho nao wanalipa. Ubaya wake ni kwamba marejesho yanashindana na mishahara ya wakutubi katika bajeti ileile, kwa hiyo ile karatasi ya bajeti ya uendeshaji iwe na mstari wa deni pia.

Chunguzeni kwa makini kila fungu linaruhusu kununua nini. Sheria ya maktaba za umma ya Uingereza ya mwaka 1850 iliruhusu miji kutoza nusu peni kwa kila pauni ya thamani ya mali inayotozwa kodi ili kupata jengo na watumishi, lakini haikuruhusu fedha hiyo kununua vitabu. Marekebisho ya mwaka 1855 ndiyo yaliyopandisha tozo hadi peni moja na kuruhusu ununuzi huo. Vizuizi vya namna hiyo vimo hata leo katika fedha za umma, isipokuwa sasa vimefichwa katika viambatisho. Fungu moja linalipia kuta na kukataa samani; jingine linalipia kompyuta na kukataa mafunzo. Choreni jedwali ambamo kila gharama ina chanzo kinachoruhusiwa kuilipa, na mtaona mapema ni gharama zipi hazina mwenyewe.

Pale ambapo sheria inataka wananchi wapige kura kabla ya mji kukopa, jueni kiwango cha ushindi kabla ya kuchagua tarehe. Katika jimbo la California nchini Marekani, hatifungani ya mji kwa ajili ya maktaba huhitaji theluthi mbili ya kura, maana yake mradi unaoungwa mkono na watu 65 kati ya 100 hushindwa. Kampeni ya kura ya namna hiyo ijikite katika kuwafikisha vituoni wale wanaoitumia maktaba, na izungumze kwa kiasi ambacho kila kaya italipa kwa mwaka. Jumla ya mamilioni humtisha msikilizaji bila kumweleza chochote. Kumbukeni pia kwamba sheria za mahali pengi humzuia mtumishi wa umma kupiga kampeni saa za kazi au kwa vifaa vya ofisi; kazi hiyo ifanywe na chama cha marafiki wa maktaba, chenye akaunti yake na kilichosajiliwa kihalali.

Michango ya watu na taasisi

Azimio la halmashauri likiwa mkononi, ndipo mwombe watu. Mtu mwenye uwezo atauliza swali moja mapema: mji wenyewe umetoa nini? Bila jibu la maandishi, mazungumzo huishia kwenye chai na maneno mazuri.

Msitangaze lengo hadharani kwanza. Mwombeni mtu anayeheshimika, asiye mwanakamati, azungumze faraghani na watu kama 20 au 30 wenye mali au ushawishi, awaulize wanauonaje mradi, ni nini kinawatia shaka, na wanadhani mji unaweza kuchanga kiasi gani. Asiombe fedha katika mazungumzo hayo. Majibu yatawapa lengo lenye ukweli, na mara nyingi yatafichua kikwazo ambacho kamati haikukijua, kwa mfano kumbukumbu ya mradi wa zamani ambao michango yake haikuelezwa ilikwenda wapi.

Kisha pangeni jedwali la michango. Wageni wa kazi hii hugawanya lengo kwa idadi ya kaya na kufurahi kuona kiasi kidogo kwa kila mmoja. Michango haiji hivyo kamwe. Tuseme lengo la michango binafsi ni 100. Jedwali la kawaida lingekuwa na mchango mmoja wa 20, miwili ya 10, minne ya 5 na kumi ya 2. Watu 17 wametoa 80, na mji mzima uliobaki utatoa 20. Kwa kila mchango tafuteni majina 3 au 4 ya wanaoweza kuutoa, kwa sababu wengi watakataa au watatoa nusu. Orodha ya majina kama 50 au 60 yaliyofikiriwa vizuri ina thamani kuliko mabango elfu. Ikiwa hampati hata jina moja kwa ule mchango wa 20, lengo ni kubwa mno kwa mji wenu, na jedwali limewaambia hivyo bila gharama.

Maombi makubwa yafanywe ana kwa ana, na watu wawili, mmoja wao akiwa ameshatoa mchango wake mwenyewe. Wanakamati wote watangulie kutoa, kila mmoja kwa uwezo wake. Mhisani akiuliza kama kamati imechanga yote, jibu liwe ndiyo. Tajeni kiasi mnachoomba. Kusema "chochote utakachojaliwa" ni adabu, lakini humwacha mtu akikisia, na wengi hukisia chini. Kampeni ifunguliwe kwa umma pale tu ambapo kati ya asilimia 60 na 80 ya lengo imeshaahidiwa. Hapo michango midogo ina kazi yake halisi, ambayo ni kuonyesha kwamba maktaba ni ya wote na kuwaleta watu watakaoitetea kwenye bajeti zijazo. Kuhusu tamasha na karamu za kuchangisha, nina shaka nazo: zikitolewa gharama na saa za watu, mara nyingi hubaki kidogo, na mtu aliyenunua tiketi huhisi ameshamaliza wajibu wake.

Ruzuku yenye sharti la kulinganishwa, yaani mfadhili anayetoa kiasi fulani iwapo mji utapata kiasi kama hicho mahali pengine, ni chombo chenye nguvu kikitumiwa wakati unaofaa. Kiwekeni kwa kipindi cha mwisho, penye tarehe ya kufunga, kwa sababu ndicho kinachowatoa wanaosubiri. Someni hata hivyo ni fedha gani zinahesabiwa: wengine hukubali ahadi za maandishi, wengine hutaka fedha iwe imeingia benki, na wengine hukataa kuhesabu fedha za serikali au thamani ya ardhi.

Masharti ya wahisani yana aina mbili, na kamati ijue kuzitenganisha. Mwaka 1852 Joshua Bates, mwenye benki jijini London, aliahidi dola 50,000 kwa maktaba ya umma ya Boston, akitaka mji utoe jengo la kupendeza, lenye ukumbi wa watu 100 hadi 150 kuketi mezani na kusoma, na lililo wazi bure kwa wote. Hilo ni sharti jema, kwa kuwa linaeleza jengo litawafanyia watu nini. Sharti baya ni lile linalochagua mkandarasi, linalotaka vitabu fulani viondolewe, au linaloomba chumba kwa matumizi ya kampuni ya mhisani. Andikeni sera ya kupokea michango kabla ya mchango wa kwanza, ikisema ni masharti gani hayakubaliwi na nani ana mamlaka ya kukataa. Kukataa kwa kutumia sera iliyokwisha kuandikwa ni rahisi kuliko kukataa uso kwa uso.

Vyumba na kuta zinaweza kuitwa majina ya waliotoa. Bei ya jina isifungwe na gharama ya chumba, kwani ukumbi wa watoto unaopendwa na wengi unaweza kubeba mchango mkubwa kuliko gharama yake, ilhali hakuna atakayetaka jina lake kwenye chumba cha mitambo. Wekeni muda, kwa mfano miaka 20, na kifungu kinachoruhusu jina kuondolewa iwapo mhisani atapatikana na kosa litakaloiaibisha maktaba. Misaada ya vitu ipokeeni ikiwa tu ingekuwa katika bajeti: matofali yaliyokubaliwa na mhandisi ni fedha, shehena ya vitabu chakavu ni gharama.

Maombi kwa taasisi za misaada yana ufundi wake, ila nusu ya kazi ni kusoma vigezo na kutoomba pasipofaa. Taasisi nyingi hazigharimii majengo kabisa, na nyingine hutoa sehemu ya mwisho tu, pengo likiwa dogo. Elezeni hitaji kwa takwimu za maktaba yenyewe: watu wanaoingia kwa saa, siku ambazo viti vilijaa, maombi ya ukumbi yaliyokataliwa, vitabu vilivyoondolewa kwa kukosa rafu. Anzeni kuziandika sasa, kwa sababu takwimu za mwaka mzima haziwezi kutengenezwa wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho.

Ahadi, fedha taslimu na mkandarasi

Ahadi si fedha. Mhisani akiahidi kulipa kwa awamu 4 za kila mwaka, na mkandarasi akimaliza kazi kwa miezi 15, siku ya kukabidhi jengo mtakuwa mmepokea awamu 2 tu. Ikiwa michango binafsi ni 40 kati ya 100 ya mradi, na yote iko katika ahadi za namna hiyo, kuna pengo la 20 ambalo mkandarasi hatalisubiri. Pengo hilo huzibwa kwa mkopo wa muda kutoka benki, kwa dhamana ya halmashauri au ya ahadi zilizosainiwa, au kwa kuwaomba wahisani wakubwa watangulize awamu zao. Mweka hazina aandae jedwali la mwezi kwa mwezi, fedha zinazoingia upande mmoja na hati za malipo za mkandarasi upande wa pili, na msisaini mkataba mpaka jedwali hilo lionyeshe kwamba hakuna mwezi wenye upungufu tangu mwanzo hadi mwisho. Tengeni pia kiasi cha ahadi ambazo hazitalipwa, kwa kuwa watu hufariki, hufilisika na huhama.

Zabuni zikija juu ya bajeti, kuna njia ya heshima na njia ya hasara. Njia ya hasara ni kupunguza ubora kila mahali: paa jembamba, sakafu ya bei ya chini, mitambo dhaifu, mpaka akiba yote irudi kama gharama za matengenezo. Njia ya heshima ni kujenga kwa awamu, na lazima iwe imechorwa tangu mwanzo. Msingi, nguzo na njia za nyaya ziandaliwe kwa ukubwa wa mwisho, kisha upande mmoja uachwe bila kumaliziwa ndani. Wahisani waliolipia sehemu iliyoahirishwa waandikiwe kabla hawajasikia mitaani.

Fedha za mradi zikae katika akaunti tofauti na ya uendeshaji, yenye saini mbili, moja ikiwa ya mtu asiye mtumishi wa maktaba wala wa halmashauri. Taarifa fupi ya mapato na matumizi ibandikwe mlangoni kila robo mwaka, hata katika robo ambayo hakuna kilichotokea. Sehemu ya malipo ya mkandarasi, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10, izuiwe mpaka kipindi cha matazamio, yaani muda wa kuangalia kasoro baada ya jengo kukabidhiwa, kiishe na kasoro zote zirekebishwe. Kamati zenye furaha ya ufunguzi huiachia mapema, halafu paa huvuja msimu wa kwanza wa mvua.

Hesabu zikifungwa na kukaguliwa, kila aliyetoa apelekewe nakala, pamoja na takwimu za matumizi ya mwaka wa kwanza zikiwekwa kando ya zile za zamani. Ikiwa akiba ya dharura imebaki, ombeni ridhaa ya maandishi ya waliotoa kabla ya kuihamishia katika mfuko wa matengenezo. Na nakala ya kwanza ya taarifa hiyo iende kwa madiwani, wiki chache kabla ya kikao cha bajeti, ikiwa imeambatanishwa na azimio lao la awali kuhusu gharama za uendeshaji.